Mashuka ya Noé

Juni 4
Daftari hili lilibaki kwenye begi la binti yangu Yareli shule zilipofungwa. Kurasa tatu zilichorwa paka, nimezichana, zilizobaki ni zangu. Mwalimu wa darasa la jioni kule kanisani alituambia kwamba mtu asiyeandika husahau kuandika, na mimi niliishia la sita, sina mengi ya kupoteza. Basi nitaandika mpaka cheri ziishe.

Tumefika jana kwenye kambi ya wachuma cheri. Wametupa chumba namba kumi na moja, vitanda viwili na jiko lenye mdomo mmoja mbovu. Fidencio mume wangu yuko Alaska kwenye kiwanda cha samaki mpaka Septemba, kwa hiyo ni mimi na watoto. Yareli ana miaka sita. Noé ametimiza kumi na minne, na mwaka huu kwa mara ya kwanza anaruhusiwa kupanda ngazi na kuchuma. Nilimzaa nikiwa na kumi na saba. Watu wasiotujua hudhani ni mdogo wangu, naye hukasirika, mimi hufurahi.

Juni 5
Saa kumi alfajiri tuko shambani. Mabega yanawaka.

Juni 8
Noé ameanguka mferejini. Walikuwa wanarudi na vijana wenzake, wakapita juu ya ubao ule mwembamba badala ya kuzunguka darajani, ubao ukageuka. Maji ya mfereji wa kumwagilia hapa yanatoka mlimani, ni theluji iliyoyeyuka. Wilfrido, mtoto wa jirani yangu Obdulia, alimshika kola akamvuta. Alifika nyumbani midomo ya bluu, akicheka. Nilimpa uji wa mahindi wa moto nikamfunika mablanketi mawili. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka.

Juni 9
Cheri nyekundu zile kubwa. Ndoo ishirini na sita mimi, Noé kumi na tisa. Anajifunza.

Juni 13
Nimeamka nikamkuta Noé bombani nje anafua shuka, kabla hata sijawasha jiko. Mtoto ambaye sahani yake mwenyewe haoshi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema amemwaga maji ya kunywa kitandani. Hakunitazama. Nikamwambia aache, nitafua mimi mwisho wa wiki, akaendelea kulikamua kama anataka kulinyonga.

Juni 14, Jumapili
Padri amekuja kusalisha kwenye bwalo la chakula. Watu wote walipanga mstari kupokea komunyo, Noé akabaki ameketi, macho kwenye viatu. Tangu komunyo yake ya kwanza hajawahi kufanya hivyo. Nilipomuuliza njiani alisema tumbo.

Juni 17
Shuka tena. Safari hii alilikunja akalisukuma chini ya godoro, na nilipotandika nikaliona, bado bichi. Nimekaa kitandani nikaanza kuunganisha moja na moja. Amenyamaza. Hali chakula vizuri. Anakwepa watu. Analowesha kitanda. Na yote haya tangu ile siku ya mfereji.

Kwetu Oaxaca hili halihitaji daktari kulijua. Mtoto akianguka majini ghafla, hofu humwingia, na sehemu ya nafsi yake hubaki palepale alipoanguka. Anarudi nyumbani nusu. Anakonda, ananyamaza, anaanza kukojoa kitandani hata kama ni mkubwa. Kaka yangu ilimpata mtoni, akatibiwa, akapona. Nilijilaumu kwamba mfereji uko hapo siku tisa zote na mimi nahesabu ndoo.

Juni 18
Nimemwambia Mama Crescencia. Yeye ndiye anayejua kuita nafsi, alijifunza kwa mama yake, na ni wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Nilimkuta kwenye chumba cha kufulia. Mashine zilikuwa zinaunguruma kwa hiyo nilisema kwa sauti ili anisikie, na mashine moja ikasimama katikati ya maneno yangu. Kwa hiyo Obdulia na wanawake wengine watatu walisikia vizuri kabisa: Noé anakojoa kitandani.

Walinionea huruma. Obdulia alisema, "Pole dada, na kijana mkubwa vile." Nilijisikia vizuri, nasema kweli. Nilikuwa nimebeba peke yangu.

Juni 20
Tumekwenda mferejini baada ya kazi. Noé hakutaka. Nilimwambia kwamba kama ananipenda atakuja, na akaja.

Mama Crescencia alimvua shati, akampangusa kwa yai na majani ya rehani kuanzia kichwani, akampulizia pombe kwa mdomo kifuani na mgongoni. Kisha akayapiga maji kwa tawi akaita, Noé, inuka hapo, twende nyumbani, usibaki kwenye baridi. Mara tatu. Ni mimi niliyetakiwa kumjibu kwa niaba yake, kwa hiyo nilijibu, naja, naja. Nililia kidogo. Wanawake walikuwa wamekuja kutusindikiza na vitoto vyao, na ng'ambo ya mfereji vijana walikuwa wamekaa juu ya makreti wanatazama.

Noé alisimama amekunja mikono kifuani muda wote. Nilidhani ni baridi.

Juni 21
Hajasema neno tangu jana. Mama Crescencia anasema ndivyo inavyokuwa, nafsi ikirudi inachoka.

Juni 22
Nimesikia wanamwita Mfereji. Wilfrido alipiga kelele kutoka juu ya ngazi, "Mfereji, fungulia maji huku, miti ina kiu," na mstari mzima ukacheka, wazee pia. Noé aliendelea kuchuma. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni.

Nilikwenda kwa Obdulia kumwomba amkanye mwanawe. Akasema ni utani wa vijana, na kwamba yeye hakumfundisha, kijana alisikia mwenyewe. Alisikia kwa nani, sikuuliza. Najua kwa nani, na najua mimi ndiye niliyeanza.

Juni 25
Shemeji yangu Macario, kaka wa Fidencio, ndiye msimamizi wa kikundi chetu. Leo amemkuta Noé amevua mikanda ya ndoo, anabeba ndoo mkononi na kuchuma kwa mkono mmoja. Ndoo ya cheri huvaliwa mbele, mikanda inapita mabegani na chombo kinakaa kifuani, ndiyo mikono yote miwili inakuwa huru. Bila mikanda utajaza lini? Macario akamuuliza kama anachuma cheri au ananunua sokoni. Noé akasema mikanda inambana. Macario akamfunga yeye mwenyewe, akaikaza, akampiga kofi la kirafiki kifuani. Noé alijikunja kama amechomwa.

"Hata ndoo inamtia hofu huyu," Macario aliniambia, tena kwa upole. Ndoo saba tu leo.

Juni 27
Mvua. Cheri zikinyonya maji zinapasuka, kwa hiyo mwenye shamba ameita helikopta ipite juu ya miti kuikausha. Tulikaa chini ya turubai toka asubuhi tukingoja, helikopta inakwenda na kurudi, huwezi kusikia hata mawazo yako. Noé alikaa peke yake kwenye lori. Wakati fulani nilimwona anaongea, midomo inatembea, na hakukuwa na mtu. Labda alikuwa anasali. Labda alikuwa anapiga kelele.

Juni 28, Jumapili
Noé hakupokea komunyo tena.

Julai 2
Shuka tena. Kwa hiyo haikusaidia.

Hapa naandika nilichofanya ili nisije nikajifanya sikufanya. Nilikasirika. Nilikuwa nimechoka, na nilimwambia kwamba ana umri wa kuota ndevu na mdogo wake wa miaka sita anaamka mkavu. Yareli alikuwa anasikiliza. Nilitandika nailoni juu ya godoro lake. Na nikamkataza kunywa maji kuanzia saa kumi na moja jioni, mtoto aliyeshinda juani juu ya ngazi. Alinitii. Usiku huu ameamka midomo imepasuka.

Kila akigeuka kitandani nailoni inalia. Kuta za kambi hii ni mbao nyembamba.

Julai 3
Mkavu. Nikamsifu. Aligeuza uso ukutani.

Julai 5
Amesema anaondoka. Hakuniambia mimi, alimwambia Macario mbele yangu, nikikanda unga. Macario katikati ya mwezi huu anapeleka watu Montana kwenye cheri za kule, halafu peasi, halafu matufaha mpaka Novemba. Noé amesema anakwenda naye na harudi kusoma. Mwisho wa Agosti alikuwa aingie shule ya sekondari. Fomu nilizijaza mwenyewe, herufi kwa herufi, kila sanduku.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema wote watakaokuwa shuleni wako kambini hapa. Ndiyo hivyo tu. Wilfrido na wenzake ndio atakaokaa nao darasani miaka minne, wakimwita Mfereji.

Macario alisema, "Shemeji, kijana akitaka kazi huwezi kumfunga kamba." Nilisema hatakwenda. Sauti yangu haikuwa na nguvu.

Julai 6
Ndoo thelathini. Sikumbuki hata moja.

Julai 9
Gari la zahanati limekuja. Huja mara moja kwa mwezi, linaegesha karibu na matangi ya maji. Nilimchukua Noé kwa nguvu, niliwaza kwamba wakimpa vidonge vya kuzuia mkojo akakauka kabisa, jina litakufa, naye atabaki. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, vidonge.

Nesi ni mwanamume, anaitwa Aurelio, wazazi wake walichuma matufaha bonde hilihili. Alimwacha Noé nje kwanza akaniita mimi. Nikamweleza yote: mfereji, hofu, yai, mashuka, nailoni. Hakucheka hata kidogo. Akaniuliza maswali ambayo yalikuwa mepesi sana.

Shuka linalowa lote au sehemu? Nikasema sehemu. Kubwa kiasi gani? Nikamwonyesha kwa mkono, kiganja. Lina harufu ya mkojo? Halina. Likikauka linakuwaje? Linakakamaa, nikasema, kama limetiwa wanga.

Mimi nimefua nguo za mume miaka kumi na minne. Nimelishika shuka lile kwa mikono yangu mara tatu na sikulitazama, kwa sababu nilikuwa nimeshajua ni nini.

Aurelio aliniacha nilie kidogo. Kisha akanieleza taratibu, na hapa naandika kama nilivyoshika. Kwamba mvulana akibalehe, mwili unaanza kutengeneza mbegu za uzazi, na nyingine hutoka zenyewe akiwa usingizini, kwa ndoto au bila ndoto yoyote. Wengine huwatokea mara nyingi, wengine mara moja moja, wengine hawatokewi kabisa, na wote ni wazima. Si ugonjwa. Haimalizi damu wala nguvu wala akili. Hakuna anayeweza kuizuia kwa kujikaza wala kwa kutokunywa maji, na maji anywe, tena mengi, kazi hii inaua watu kwa joto. Inapungua yenyewe akikua. Kinachotakiwa ni shuka safi na mtu wa kumwambia mapema.

"Mapema lini?" nilimuuliza.

"Kabla ya shuka la kwanza," alisema.

Nikamwambia kwamba mimi siku nilipovunja ungo mama yangu alinitupia kitambaa akatoka nje, na niliapa kwamba binti yangu nitamwambia kila kitu. Yareli ana miaka sita na maneno yake nimeshayapanga kichwani. Ya mvulana sikuwahi kuyafikiria. Nilidhani wavulana wanakua tu, kama nywele.

Kisha akamwita Noé akafunga mlango. Nusu saa. Nilikaa kwenye ngazi ya gari nikisikia sauti mbili lakini si maneno, na ya mwanangu ilikuwa inapanda na kushuka, inakwaruza, inavunjika. Wiki ngapi imekuwa hivyo? Alivyonyamaza sana sikuisikia.

Walipotoka, Aurelio hakuniambia walichosema. Alisema hayo ni ya Noé. Aliniambia tu ya jumla, kwamba wavulana wengi umri huu huvimba kidogo chini ya chuchu, panauma hata nguo ikigusa, na huwa wanaogopa kwamba ni uvimbe mbaya au kwamba wanageuka wanawake, na kwa wengi hupungua pole pole, mwaka au miwili, na ikiwa inazidi kukua waende wakaonwe. Akasema pia kijana mwenye maumivu hayo anaweza kuweka taulo iliyokunjwa chini ya mikanda ya ndoo.

Kwa jumla, alisema. Nilimkumbuka mwanangu mferejini, amevuliwa shati mbele ya watu, mikono kifuani.

Julai 10
Nimemwambia tukichuma. Mti mmoja, yeye juu ya ngazi upande wake, mimi chini upande wangu, majani katikati. Nilichagua hivyo makusudi, ili asilazimike kuonyesha uso wake wala mimi wangu.

Nikasema nilikosea. Nikasema haikuwa mkojo na haikuwa hofu, na wala haikuwa dhambi, kitu kinachomjia mtu amelala hakina mkosaji, hata padri akimuuliza atamwambia hivyo. Nikasema ningetakiwa kumwambia mwaka jana, kabla. Nikasema nisamehe.

Cheri zilikuwa zinaangukia kwenye ndoo yake, tu, tu, tu. Zikaacha.

"Nilikuambia nimemwaga maji," alisema. "Ungeniacha na maji yangu."

Nikasema ndiyo.

"Wilfrido anasema mwanamume amepewa kiasi chake, kikiisha anakauka mgongo. Nilikuwa nahesabu." Sauti ikapasuka katikati. "Nilidhani naisha, mama. Na ninyi mnapiga maji kwa tawi."

Nilishika mguu wa ngazi yake, ngazi haikuwa inayumba. Baada ya muda cheri zikaanza tena kuanguka.

Nimetoa nailoni kitandani. Nimeweka mashuka mawili safi na beseni, na sabuni yake mwenyewe. Niliviweka tu. Na jagi la maji.

Julai 11
Chumba cha kufulia. Mama Crescencia akaniuliza mbele ya wote kama kijana amepona.

Njia nzima nilikuwa nawaza. Nikisema amepona, uongo wangu unabaki na jina linabaki. Nikisema ukweli namfungulia mlango wa pili wakati wa kwanza sijaufunga. Mkono wangu ulikuwa kwenye mashine. Nikasema, "Noé hakuwahi kuumwa. Hakukojoa kitandani. Nilidhani vibaya, na nikasema kabla ya kujua."

Obdulia akaguna. "Basi nini kililowa, dada?"

"Hilo si langu kulisema. Na lile la kwanza halikuwa langu pia."

Walicheka, si wote. Obdulia ana mvulana wa umri uleule na anafua mashuka yake kila wiki, nikamtazama mpaka akarudi kwenye soksi zake.

Mama Crescencia alinifuata nje. Amelea wavulana sita. Aliniambia alishuku palepale, alipomtazama Noé bila shati, lakini nilikuwa nimemwita atibu hofu, na akatibu hofu. Nikamuuliza wale sita aliwaambia nini. Alifikiri.

"Hakuna," alisema. "Hawakuniambia, sikuwauliza. Nilifua tu."

Sikuweza kumkasirikia. Ndivyo tulivyofanya wote, tangu mashuka yawepo.

Julai 14
Leo hakuna aliyesema Mfereji karibu yangu. Mbali sijui. Noé amefunga taulo chini ya mikanda. Ndoo ishirini na tatu.

Julai 16
Macario anauliza kama nimeamua. Nimesema aulizwe Noé.

Noé amesema anakwenda. Hakusema kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi. Alisema anataka kukaa mahali ambapo hakuna mtu aliyemwona pale mferejini. Nikamwuliza na mimi ni mmoja wao? Alitafakari kabla ya kujibu, mwanangu si mwongo. "Na wewe, mama. Kidogo."

Nimempigia Fidencio Alaska. Mashine za samaki zilikuwa zinapiga kelele nyuma yake. Nikamwuliza wewe nani alikwambia, ulipokuwa kama yeye? Akasema hakuna aliyemwambia, aliungama kwa padri mwaka mzima. Nikamwambia ampigie mwanawe. Akasema atasema nini? Nikasema hilo hilo, kwamba wewe hakuna aliyekwambia.

Julai 18
Noé ameondoka na Macario saa moja asubuhi. Nilimfungia mikate ya mahindi na maharage, taulo mbili, mashuka mawili. Fomu za shule nimezitia kwenye bahasha nikazibakiza mezani, sikutaka azione begini akadhani namsukuma. Alimbeba Yareli akamzungusha. Mimi alinipa shavu.

Julai 19, Jumapili
Padri ameuliza yuko wapi yule kijana mrefu.

Julai 24
Cheri zimekwisha. Tunafungasha ngazi. Daftari nilisema litakwisha na cheri lakini siwezi kulifunga bado.

Agosti 1
Fidencio anasema amempigia. Waliongea dakika kumi. Sikuuliza zaidi, naye hakusema, na nilisikia kwamba alikuwa na aibu na furaha.

Agosti 6
Noé amepiga kwa simu ya Macario. Nilidhani ni baba yake, mpaka aliposema mama. Sauti imeshuka yote, haikwaruzi tena.

Aliuliza habari za Yareli. Akasema Montana kuna ziwa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, shule inafunguliwa tarehe ngapi. Nikamwambia ishirini na sita. Akasema lori la peasi linapita huku tarehe ishirini na mbili, Macario amekubali ashuke. Nikasema sawa. Nilikuwa nimebana mdomo kwa kiganja ili sawa itoke kama sawa.

Akauliza kama ninayo namba ya nesi Aurelio. Kuna jambo anataka kumuuliza.

Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Jambo gani, mwanangu. Unaumwa wapi. Niambie mimi, mimi ni mama yako. Nikaenda kuchukua karatasi ya zahanati iliyobandikwa mlangoni, nikamsomea namba, tarakimu moja baada ya nyingine, pole pole. Akanirudishia zote. Hakukosea hata moja, nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo.